Nusu ya Ziwa ni Yetu, Funguo Ziko Jinja

Kila mtumishi wa halmashauri aliyewahi kutumwa kupima viwanja kandokando ya ziwa hapa Mwanza anazijua mita 60. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya umbali huo kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Kwa nguvu ya kifungu hicho kuta zimechorwa alama ya X kwa rangi nyekundu, watu wameandikiwa barua za kuhama, na mashauri yamefika mahakamani. Sina ugomvi na kifungu chenyewe. Ni kizuri, na pengine kilichelewa kuja. Nina swali moja tu: mita hizo 60 zinahesabiwa kuanzia wapi?

Mwishoni mwa mwaka 2006 maji ya Ziwa Victoria yalikuwa yameshuka mpaka kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa zaidi ya miaka 50. Mei 2020 yalikuwa yamepanda hadi kukifikia kiwango cha mwaka 1964, ambacho mpaka hapo ndicho kilichokuwa kikitajwa kuwa cha juu kuliko vyote tangu vipimo vianze kuwekwa. Na mwaka 2024 yakapanda tena mpaka kupita hapo. Tofauti ya wima kati ya shuka ile na panda hii inazidi mita 2.5. Kwa mtu aliyesimama juu ya mawe ya Kapripointi tofauti hiyo ni mstari tu kwenye jiwe. Lakini mahali ambapo ufuo unashuka mita 1 kwa kila mita 20 za mwendo, mita 2.5 za wima ni mita 50 za ardhi. Yaani ukingo wenyewe umetembea karibu umbali uleule ambao sheria inamtaka mwananchi akae mbali nao. Aliyefuata maji yaliyojivuta mwaka 2006 akalima mchicha na kujenga kibanda cha kuanikia dagaa alikuwa, kwa utepe wa siku hiyo, ndani ya sheria au karibu nayo. Miaka kumi na minne baadaye choo chake kilikuwa ziwani.

Nani basi anayeusogeza ukingo huu? Kwanza ni mvua. Hilo nitalirudia, kwa sababu wako wanaharakati wanaopenda kulisahau. Lakini baada ya mvua, yupo mwingine: kituo cha kuzalisha umeme chenye umri wa zaidi ya miaka 70, kilichojengwa penye mdomo ambao Mto Nile hutokea ziwani, katika mji wa Jinja nchini Uganda. Vizazi vya zamani walikiita Owen Falls; leo kinaitwa Nalubaale, ambalo ndilo jina la ziwa kwa Kiganda. Hakiko Nyamagana, wala hakitoi umeme wa Nyamagana. Hata hivyo naamini hakuna mtambo wowote wa umeme, ukiwemo ule wa mafuta mazito wa Nyakato tunaousikia ukinguruma, unaogusa ufuo wa Nyamagana kama huo.

Tuanze na mwamba. Kabla ya bwawa, ziwa lilitoka Jinja kwa kupita juu ya kizingiti cha mawe. John Hanning Speke alipofika hapo mwaka 1862 alikipachika jina la Ripon, kwa heshima ya bwana mmoja wa Kiingereza ambaye hakuwahi kukiona. (Miaka minne kabla, Agosti 1858, Speke huyohuyo alikuwa ameliona ziwa kwa mara ya kwanza akiwa upande huu wa kusini, hapa Mwanza, kwa hiyo ziwa hili liliingia kwenye ramani za Ulaya kwa mlango wetu, ingawa sifa zote zilikwenda Jinja.) Kizingiti kile kilikuwa kinafanya kazi moja kwa maelfu ya miaka: ziwa likijaa kinapitisha maji mengi, likipungua kinapitisha machache. Mwamba hauna waziri wa nishati, hauna mgao wa umeme wala mwaka wa uchaguzi. Ziwa lilikuwa linajipima lenyewe.

Winston Churchill, alipopita hapo mwaka 1907 akiwa naibu waziri wa makoloni, aliona nguvu inayopotea bure na akaandika kwamba ifungwe. Ilichukua miaka 40 mpaka mhandisi Charles Westlake alipotoa ripoti yake mwaka 1947, Bodi ya Umeme ya Uganda ikaundwa mwaka 1948 naye akaiongoza, na ujenzi ukaanza. Tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth alikizindua kituo. Ukuta una urefu wa mita 831 na kimo cha mita 31, una milango sita ya kutolea maji, na chumba chake cha mitambo kilipangwa kubeba mashine 10 za megawati 15 kila moja. Jinja ikapata kiwanda cha nguo na kiwanda cha kuyeyushia shaba ya Kilembe. Kabla ya muongo ule kwisha Kenya ilikuwa inauziwa umeme. Kizingiti cha Ripon kikachongwa na kuzamishwa. Tangu siku hiyo kazi iliyokuwa ya mwamba ikawa ya mtu mwenye mkono juu ya mtambo wa kufungulia milango.

Wakubwa wa wakati ule hawakuwa wajinga. Walijua kwamba anayeshika milango anashika ziwa zima, na chini ya ziwa anaishika Sudani na Misri. Kwa hiyo waliandika kanuni: kituo kitoe kiasi kilekile ambacho mwamba ungetoa kama ungekuwepo. Wahandisi walichora mchoro unaolinganisha kimo cha ziwa na wingi wa maji yanayotoka. Ukijua ziwa liko wapi leo, mchoro unakwambia ufungulie kiasi gani. Huo ndio unaojulikana kama mchoro wa makubaliano. Swali la kuuliza ni makubaliano ya nani. Yalikuwa ya Uingereza na Misri, kwa barua walizobadilishana kuanzia mwaka 1949, zikiwa zimejengwa juu ya mkataba wa mwaka 1929 uliozitaka nchi za juu ya mto zisifanye kitu bila ridhaa ya Kairo. Misri ilichangia gharama ili ukuta uongezwe kimo kwa mita 1 na ziwa liwe ghala lake, nayo ikapewa haki ya kumweka mhandisi wake palepale Jinja, asimamie. Tanganyika, yenye karibu nusu ya eneo la ziwa, ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Ilisemewa na London.

Mwalimu Nyerere aliliona tatizo hili mapema. Julai 1962, Tanganyika ikiwa haijamaliza hata mwaka mmoja wa uhuru, serikali yake iliziandikia Uingereza, Misri na Sudani kwamba mkataba wa 1929 hauifungi. Wanafunzi wa sheria duniani kote wanasoma msimamo huo kwa jina lake. Ni jambo la kujivunia, na tumejivunia vya kutosha. Lakini tulipokataa kufungwa na mikataba ya wakubwa, hatukuweka chetu mahali pake kuhusu kile kinachotuuma zaidi, yaani milango ya Jinja. Yule mhandisi wa Misri alibaki kwenye kiti chake. Kiti cha Mtanzania hakikuwekwa.

Kwa muda mrefu haikuonekana kuwa na madhara, kwa sababu mchoro uliheshimiwa na mvua zilikuwa nyingi. Mvua za 1961 hadi 1964 zilipandisha ziwa kwa zaidi ya mita 2. Katika miongo sita ya kwanza ya karne ya ishirini wastani wa maji yaliyotoka Jinja ulikuwa takriban mita za ujazo 660 kwa sekunde. Baada ya mvua zile wastani ulipanda kwa zaidi ya nusu na ukabaki juu kwa miongo kadhaa. Ndipo Uganda, ikitoka katika vita na ikiwa na njaa ya umeme, ilipoamua kuongeza kituo cha pili kando ya kile cha kwanza. Mfereji ulichimbwa, ukuta mwingine ukajengwa kama kilomita moja kutoka ule wa zamani, na kituo kipya cha Kiira, chenye megawati 200, kikaanza kuwasha mashine zake mwaka 2000. Kile cha zamani kilikuwa kimekarabatiwa mpaka megawati 180. Jumla 380.

Hapa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo, kwa sababu kiini cha mambo kimo humo na si katika hotuba. Maji ya Jinja yanaanguka takriban mita 20. Kwa anguko hilo, kupata megawati 380 kunahitaji zaidi ya mita za ujazo 2,000 kila sekunde, hata mashine zikiwa bora kiasi gani. Linganisha na zile 660 za zamani, au hata na wastani wa miaka ya mvua. Vituo viwili vinavyokaa bega kwa bega havitumii maji yaleyale mara mbili, vinagawana. Kwa maneno mengine, Jinja ilijengewa uwezo wa kunywa mto wote na zaidi ya mto, na hicho cha ziada hakina pa kutoka isipokuwa ziwani. Bujagali, iliyoanza kazi mwaka 2012 kilomita chache chini ya mto ikiwa na megawati 250, ilikuwa na busara zaidi: inayatumia maji yaleyale yaliyokwisha kupita Jinja. Lau ingetangulia Bujagali kabla ya Kiira, sidhani kama ningekuwa naandika makala hii.

Kisha ukame ukaja. Kati ya 2003 na 2006 mvua zilipungua na mahitaji ya umeme Uganda yalikuwa yanapanda. Kanuni ilitaka milango ibanwe. Taa za Kampala zilitaka ifunguliwe. Ikafunguliwa. Mwezi Februari 2006 mtaalamu wa maji Daniel Kull, aliyekuwa Nairobi akifanya kazi na ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia kupunguza maafa, alitoa uchambuzi wake: kwa miaka ya 2004 na 2005, kama asilimia 45 ya kushuka kwa ziwa ilitokana na ukame, na kama asilimia 55 ilitokana na maji kutolewa kupita kiasi cha mchoro wa makubaliano. Serikali ya Uganda ilishikilia kwamba ukame ndio wa kulaumiwa. Wataalamu wameendelea kuvutana kuhusu mgawanyo wa asilimia, lakini kwamba mchoro ulivunjwa si jambo linalobishaniwa tena.

Eneo la ziwa ni kama kilomita za mraba 68,800. Sentimita moja ya maji juu ya eneo hilo ni mita za ujazo milioni 688. Ukizidisha maji ya kutoa kwa mita za ujazo 300 kwa sekunde, inakuchukua karibu siku 27 kulipunguza ziwa kwa sentimita moja. Nani ataiona sentimita moja? Hakuna. Ndiyo maana jambo hili linawezekana kufanyika kimyakimya. Mwaka mmoja wa namna hiyo ni sentimita 13 au 14, miaka mitatu ni karibu nusu mita, na kwenye fuko tambarare za Magu, Ilemela na Ukerewe nusu mita ya wima ni matete yaliyokauka ambamo sato walikuwa wanazalia, ni gati ambalo meli inaliona liko juu mno kwa kupakulia, ni mtumbwi unaoburutwa kwenye tope hatua hamsini kabla ya kuelea, ni mabomba ya kuvutia maji ya mji yanayoanza kunusa hewa. Mtu wa Igombe alilipa sehemu ya bili ya umeme ya Kampala bila kujua kama kuna bili.

Nimesema nitarudi kwenye mvua. Zaidi ya asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya ziwa lenyewe. Kagera na mito mingine yote, ukiijumlisha, ni sehemu ndogo. Na yanayotoka, mengi yanakwenda juu kwa mvuke, si kwa Jinja. Kwa hiyo anayesema Waganda ndio waliojaza maji kwenye nyumba za watu mwaka 2020 hasemi kweli. Ilikuwa mvua. Mwaka ule hata kituo chenyewe kiliumia: tarehe 14 Aprili 2020 kisiwa cha magugu kilichong'olewa na maji yaliyopanda kilielea mpaka Jinja, kikaziba njia za maji, na Uganda nzima ikakosa umeme. Lakini angalia ugumu unaojitokeza ziwa likijaa. Watu wa pwani ya ziwa wanataka milango ifunguliwe yote; watu wa Ziwa Kyoga na wa mabwawa ya Sudani Kusini, ambao tayari wamo majini, wanaomba ifungwe. Uamuzi wa namna hiyo hauna jibu la kihandisi peke yake. Mtu mmoja ofisini Uganda anaamua nani afurike. Simwonei wivu, lakini pia sioni kwa nini aamue peke yake.

Wala tusijifanye watakatifu. Mwaka uleule wa 2006, wakati tunalalamika kwamba Jinja inavuta ziwa, sisi wenyewe tulikuwa tunalivuta bwawa la Mtera. Wahandisi walikuwa wameweka mita 690 juu ya usawa wa bahari kuwa kiwango cha mwisho cha kuzalisha umeme pale. Tulishuka chini yake. Mvua ziligoma, Kidatu ikahitaji maji, wananchi wakahitaji umeme, na serikali ikachota akiba kwa matumaini kwamba msimu ujao utalipa deni. Haukulipa kwa wakati. Tulipata mgao wa kukumbukwa, na mgao ukatuzalia Richmond, na Richmond ikamwondoa waziri mkuu madarakani Februari 2008. Serikali yoyote yenye bwawa mkononi na wapiga kura gizani itafungua milango. Hiyo si tabia ya Waganda. Tofauti ni kwamba Mtera ni ghala letu wenyewe. Tukilimaliza tumelimaliza letu. Ziwa Victoria ni ghala la watatu, na wa chini ya mto ni wengi kuliko hao.

Kuna na suala la uzee. Saruji ya chumba cha mitambo cha Nalubaale ina ugonjwa unaojulikana kwa wahandisi: kemikali za saruji zinapambana na kokoto zilizochanganywa nayo, zege linavimba polepole kwa miaka, linapasuka nyufa, na mashine zilizofungwa juu yake zinapinda kutoka kwenye mstari wake. Si ugonjwa wa kuua ghafla. Mabwawa mengi duniani yanaishi nao kwa kupimwa, kukatwa na kuzibwa. Kuanzia mwaka 2003 kampuni ya Eskom ya Afrika Kusini ilikiendesha kituo kwa mkataba wa miaka 20. Mkataba ulikwisha Machi 2023 na kampuni ya umma ya Uganda ya uzalishaji umeme ikakichukua. Mali iliyokodishwa miaka 20 inarudi na makovu yake, kila mwenye nyumba ya kupangisha anajua. Waganda wanahangaika na nyufa hizo, na ninawatakia heri. Lakini mwamba wa Ripon haupo tena. Kinachozishikilia mita za juu za ziwa, zile ambazo kwa sisi wa Mwanza ndizo gati, mialo, mashamba ya matete na mabomba ya maji, ni ukuta ule wa 1954 pamoja na mwenzake wa Kiira. Ripoti za ukaguzi wa usalama wa ukuta huo zinapaswa kufika Dodoma na Nairobi kama haki, pasipo kusubiri hisani ya jirani.

Vyombo vya kufanyia hayo tunavyo. Itifaki ya Maendeleo Endelevu ya Bonde la Ziwa Victoria ilitiwa saini Arusha tarehe 29 Novemba 2003, yaani wakati uleule ziwa linaanza kushuka. Inaunda kamisheni, ambayo makao yake ni Kisumu, na inazungumzia matumizi ya haki ya maji na wajibu wa kupeana taarifa. Mkataba wa ushirikiano wa Bonde la Nile, ambao Tanzania iliusaini siku ya kwanza pale Entebbe mwezi Mei 2010, umeanza kufanya kazi Oktoba 2024. Kwa hiyo hatukosi karatasi. Na tunao mfano wa karibu: Rusumo, kwenye Mto Kagera, ambako Tanzania, Rwanda na Burundi zinamiliki kwa mafungu sawa kituo cha megawati 80. Ni kidogo ukikilinganisha na Jinja, na kilichelewa sana, lakini hakuna kati ya hao watatu anayeamka asubuhi akaamua peke yake kiasi cha maji.

Siombi Nalubaale iwe mali ya watatu. Uganda ilikijenga, ilikilipia, na Bukoba kwa miaka mingi imewaka kwa umeme uliopita Mutukula kutoka hukohuko. Si vyema kusahau hilo tunapodai. Ninachodai ni kanuni ya milango. Mchoro wa makubaliano uandikwe upya, safari hii wakubaliane wenye ziwa na wenye mto, kwa hali ya hewa ya sasa na si ya miaka ya 1940, ukiwa na kipengele cha ukame na kipengele cha mafuriko, na kipengele kinachosema anayevunja anamlipa nani. Na maji yanayotolewa kila siku yatangazwe kila siku. Leo mwanafunzi wangu akitaka kujua ziwa limepanda au limeshuka, njia rahisi kwake ni kufungua vipimo vya setilaiti vinavyochapishwa bure na taasisi za Marekani. Ziwa liko dirishani kwake, naye analisoma kutoka angani kupitia Washington! Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria ina ofisi yake hapahapa Mwanza. Kimo cha ziwa kingeweza kubandikwa kila asubuhi Mwaloni Kirumba, kwenye ubao uleule wa bei za dagaa, na wavuvi wangekisoma kwa haraka kuliko sisi wenye shahada.

Hata zile mita 60 zingepata pa kuanzia. Chukua kimo kimoja kilichoandikwa kwa mita juu ya usawa wa bahari, kitangazwe kwenye gazeti la serikali kuwa ndicho ukingo wa ziwa kisheria, kikatiwe bikoni za zege kutoka Kayenze mpaka Luchelele, na mpimaji aanzie kwenye bikoni. Mwananchi atajua mwaka wa ukame kwamba ile ardhi iliyojitokeza mbele yake ni ya ziwa na itadaiwa. Ofisa naye hatamfukuza mwaka wa mvua mtu ambaye ziwa ndilo lililomfuata. Nchi yenye sheria ya mita lazima iwe na alama ya sifuri.

Bunge la Afrika Mashariki lina wabunge tisa tunaowachagua kwa niaba ya Tanzania. Huja Mwanza, hupokelewa, hupiga picha mbele ya Jiwe la Bismarck. Wanafunzi wa hapa na wale wa mashirika ya mazingira wanaonisoma, mkiwapata kwenye kongamano lijalo, msiwaulize kuhusu sarafu ya pamoja. Waulizeni jana Jinja ilitoa mita ngapi za ujazo kwa sekunde, na mchoro ulitaka itoe ngapi.